Kikombe Kilichofungwa Uzi

Wiki mbili zilizopita tulikwenda kumjulia hali dada yetu mmoja katika mitaa ya nyuma ya Mwanjelwa, jijini Mbeya. Tulikaribishwa chai. Vikombe vya wageni vililetwa katika sinia; chake kilikuwa dirishani peke yake, kimefungwa uzi mwekundu.

Dada huyu yuko mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu. Kikombe hakiambukizi TB. Vimelea vyake husafiri hewani pale mgonjwa asiyetibiwa anapokohoa, na hukaa muda mrefu katika chumba kisichopitisha hewa. Dirisha lile lile lililowekewa kikombe ndilo lililopaswa kufunguliwa, nalo lilikuwa limezibwa kwa gunia. Hatuwalaumu, nani asiyeijua baridi ya Mbeya mwezi wa Juni? Hali ni hiyo hiyo katika vyumba vya kupanga vya Mlandege na Kihesa kule Iringa. Hata hivyo, jua likitoka, gunia liondolewe.

Wazee wetu wanakumbuka wagonjwa wakipelekwa mbali, hadi Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyoanza kupokea wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na Dk. Karel Styblo akashirikiana na wataalamu wetu kuifikisha tiba wilayani, mgonjwa akimeza dawa chini ya uangalizi. Baadaye Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu huo duniani. Leo dawa hutolewa bure, na mgonjwa aweza kumeza nyumbani mbele ya msimamizi aliyemchagua mwenyewe.

Tiba ya kawaida ni miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Hatari ipo hapo katikati. Kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, mkojo umekuwa mwekundu kwa sababu ya dawa na mgonjwa ameingiwa na hofu. Akiacha, ugonjwa waweza kurudi ukiwa sugu.

Baba mmoja wa Kihesa alituuliza kuhusu mkewe aliyeshindwa kufunga Ramadhani akiwa katika dawa. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo ndani ya Suratul Baqarah. Asimfanye mkewe aone haya kwa jambo aliloruhusiwa na Mola wake.

Turudi Mwanjelwa. Lililotushtua zaidi ya kikombe ni mtoto wa miaka miwili alalaye na mama yake kitanda kimoja. Familia ilikuwa imetenga kikombe, lakini hakuna aliyempeleka mtoto kupimwa! Mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa ni lazima achunguzwe. Asipokutwa na ugonjwa, hupewa dawa ya kinga. Tulilisema hilo pale pale, mbele ya mama mkwe.

Jumatatu asubuhi wifi yake alimbeba mtoto hadi zahanati. Habari za kikombe bado hatujazipata.