ZINIA MBELE YA NYUMBA

Ni maua machache yamlipayo mkulima upesi kama zinia. Asili yake ni Meksiko, na jina lake lilitolewa mwaka 1759 na Linnaeus ili kumkumbuka Johann Gottfried Zinn, tabibu na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani.

Wengi huotesha zinia kitaluni na kuihamisha, kisha hulaumu mbegu miche inapodumaa. Lakini mizizi ya zinia haipendi kusumbuliwa. Yafaa mbegu ipandwe pale pale itakapochanua, penye jua la kutwa, na kufunikwa kwa udongo wa robo inchi. Penye joto huota kwa siku 4 hadi 7. Wakaao penye jalidi, kama Kinangop, na wangoje baridi hiyo ipite, maana huua zinia kwa usiku mmoja.

Miche ipunguzwe, iachane inchi 9 hadi 12. Ikisongamana, ukungu mweupe kama unga huyashika majani. Kwa hiyo maji yamwagwe shinani, si juu ya majani.

Mche ukiwa na jozi 3 au 4 za majani, ncha yake ikatwe. Moyo husita, lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu: mche uliokatwa hutoa matawi mengi, na kila tawi ua lake.

Vichwa vilivyokauka vivunwe na kuwekwa pakavu. Isipokuwa mbegu ni chotara, mwenye bustani hatanunua nyingine msimu ujao, na jirani atapata fungu lake.