Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afurahi, wala mwenyeji apigwe picha naye. Walisema apone, yaani mgeni akishaaga, mwenye nyumba abaki na nguvu ambazo jana hakuwa nazo. Kwa kipimo hicho nataka kumpima Mchina mmoja, Zhou Enlai, ambaye magazeti ya zamani yalimwandika Chou En-lai, kisha tuwapime hawa wanaotujia siku hizi.

Zhou alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Huai'an. Ujanani alikwenda Japani, kisha Ufaransa, na huko Ulaya akaingia katika chama cha kikomunisti. Tangu Oktoba 1949 hadi alipofariki Januari 8, 1976, alikuwa Waziri Mkuu wa Uchina. Miaka ishirini na sita na ushei katika kiti ambacho wenziwe wengi walitupwa chini bila ya kwaheri. Hadi mwaka 1958 alikuwa pia Waziri wa Mambo ya Nje.

Sisi Waislamu tunayo sababu ya kumkumbuka. Mwezi wa Aprili 1955, mataifa ya Asia na Afrika yalipokutana Bandung, Indonesia, wengi walimwogopa kwa kuwa ni mkomunisti asiyeamini Mungu. Hakuficha itikadi yake. Aliwaambia kwamba chama chake hakina dini lakini kinawaheshimu wenye dini, na katika msafara wake alikuwamo imamu. Mwenye kusema atasema hiyo ni siasa tu. Naam, ni siasa; lakini ni siasa ya mtu aliyejua anaingia nyumba ya nani, akavua viatu mlangoni.

Desemba 1963 alianza ziara ya nchi kumi za Afrika. Nia yake ilikuwa kufika na kwetu Afrika ya Mashariki, ila maasi ya askari ya Januari 1964 yakamzuia. Mwezi huo huo, akiwa Accra, alitangaza masharti manane ya msaada wa nchi yake, na la ajabu ni kwamba masharti hayo alijiwekea mwenyewe mtoaji. Mkopo uwe hauna riba, au riba yake iwe ndogo. Anayesaidiwa asifanywe tegemezi, bali aongozwe katika njia ya kujitegemea. Mtaalamu wa Kichina aishi kama anavyoishi mtaalamu wa nchi aliyopelekwa, asidai makubwa zaidi.

Juni 1965 akafika Dar es Salaam. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1968, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa pale Ubungo kwa msaada wa Uchina, na khanga zake zikavaliwa harusini na matangani. Kisha ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ambayo wakubwa wa Magharibi walikuwa wamekwisha kuikataa. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa wenyewe. Mkopo wake haukuwa na riba. Msomaji wangu aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu na msahafu na alitafakari hilo: mtu asiyeswali alikopesha bila ya riba.

Lakini mizani ina pande mbili. Zhou huyu alikuwa Waziri Mkuu wakati wa njaa kuu ya 1959 hadi 1961, iliyoua mamilioni ya Wachina, na alikuwapo wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, misikiti ilipofungwa na maimamu walipodhalilishwa. Aliwakinga baadhi ya watu, na Mao hakumpinga. Mwaka 1975, yeye akiwa mgonjwa hospitalini, jeshi la nchi yake liliwaua Waislamu kwa mamia katika kijiji cha Shadian, Yunnan. Basi simwiti walii. Ninasema tu kwamba kwa mambo ya kwetu aliacha kipimo, na kipimo cha haki hakiharibiki kwa dhambi za aliyekishika.

Tuende sasa Nairobi, katika Soko la Toi, ubavuni mwa Kibera, ambako watu wa Kibera na Kawangware hununua nguo. Kila mtumba unaofunguliwa pale umepita Kilindini, mbele ya macho yetu watu wa Mombasa. Nguo nzuri wanaiita kamera. Iliyobaki mwisho ni fagia. Zamani lebo zilikuwa za Ulaya na Marekani. Leo mitumba mingine inatoka Uchina yenyewe. Mwaka 2019 Kenya iliingiza tani 185,000 za mitumba. Siwalaumu wauzaji wa Toi. Soko lao lilichomwa katika fujo za uchaguzi mwanzoni mwa 2008 nao wakalisimamisha tena. Hao wanajua kujitegemea kuliko mawaziri. Ila cherehani za Toi zinapunguza suruali ya mtu mwingine. Kicomi ya Kisumu, iliyokuwa ikitoa kitambaa chetu, ilikufa. Na Urafiki yenyewe imefifia.

Tena sisi tunayo reli yetu ya Mchina, iliyofunguliwa Mei 31, 2017, kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mkopo wake una riba, na mikataba yake ilifichwa hata Novemba 2022, wananchi walipoonyeshwa baadhi ya kurasa. Mwaka 2019 iliamriwa makontena yapande reli hiyo hadi Nairobi. Madereva na makuli wa Mombasa wakabaki kuhesabu mawimbi, wakaandamana, hata amri ikaondolewa Septemba 2022. Je, mwenyeji alipona?

Wachina wa leo wana haki ya kufanya biashara. Lakini kosa kubwa ni la mwenyeji anayefungua mlango bila ya kuuliza. Nyerere alikwenda Beijing Februari 1965 akijua anataka nini. Wetu huenda wakarudi na sahihi, nasi tukaambiwa tusiulize.

Ushauri wangu ni huu. Mgeni mwingine akija na kalamu, Bunge litoe masharti manane ya Zhou Enlai na kuyasoma mbele yake, moja moja: riba ni kiasi gani, kazi atafundishwa nani, na akiondoka tutaweza kuendesha wenyewe? Ni maneno ya serikali yake mwenyewe, hawezi kusema tumeyatunga. Na kitu cha kwanza kuombwa kiwe kiwanda cha nguo, ili mwana wa Kibera na mwana wa Kisauni wavae Idi kilichofumwa kwao.