Si shetani, ni njaa na usingizi

Wasee, kuna kitu nimechoka kusikia. Ukisinzia kwa maombi, unaambiwa imani yako imeshuka. Ukimjibu mathe vibaya jioni, eti kuna roho inakusumbua. Roho gani, bana? Umeamka saa kumi na moja asubuhi, ukanywa chai ya rangi na mandazi moja, ukaruka chakula cha mchana ndio ubaki na nauli, ukaamsha mwili na kopo la kafeini saa kumi jioni, halafu ukakaa jam ya Thika Road. Mwili gani huo utasimama kuomba?

Naongea hivi juu yamenipata. Nilipoacha chuo nilikuwa nakata video usiku kucha. Jumapili moja mathe ananiombea hapo mezani, ananitaja kwa jina, na mimi nakoroma. Hakusema kitu. Alinifunika na leso, akaenda kuosha vyombo. Kile kimya kiliniuma kuliko siku nilimwambia sirudi chuo.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya amemkimbia Yezebeli, amelala chini ya mti, anataka kufa. Malaika hakumpigia mahubiri. Alimwamsha ale mkate na anywe maji. Eliya akalala tena, akaamshwa tena ale. Ndio akapata nguvu ya kutembea siku 40 hadi Horebu. Na majirani zetu Waislamu wanajua hii kitu: wakati wa Ramadhani wanahimizwa wale daku kabla ya alfajiri. Hakuna mtu anawaambia imani itashibisha.

Lakini wanaoniudhi kabisa ni nyinyi wa "usingizi ni wa maskini". Mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi, kijana wa sekondari 8 hadi 10. Na kafeini haitoki haraka: baada ya kama masaa matano, nusu yake bado iko mwilini. Lile kopo la saa kumi bado liko na wewe saa tatu usiku, na unakemea mapepo.

Utaniambia hakuna pesa ya kula vizuri. Sawa, lakini weka bei ya hilo kopo kando ya yai la kuchemsha na ndizi pale stage. Kuna askari wa geti anafanya masaa 12, huyo simlaumu, mwajiri wake ndiye aombewe. Sisi wengine tunaibiwa na simu saa sita usiku. Na ndio, zingine ni video zangu.

Siku hizi simu yangu inalala jikoni kuanzia saa nne. Natoa video tatu kwa wiki, na kuna watu wameanza kusema nimelegea. Jumapili iliyopita mathe aliomba dakika 20. Nilikuwa macho. Nilisikia yote, hata ile sehemu ya kurudi chuo.