Tovuti Mpya, Lugha Ile Ile: Kiswahili na Kurasa za Vyuo Vikuu vya Migori na Homa Bay

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii aghalabu hutajwa mbele ya jahazi au jengo, lakini inaifaa tovuti ya chuo kikuu vilevile. Mtazamaji huona picha ya lango kuu, nyuso za mahafali na vitufe vya rangi. Haioni kamati iliyoketi, haisomi zabuni iliyotangazwa, wala hayajui maamuzi ambayo hayakuandikwa popote kwa kuwa hakuna aliyeyauliza. Mojawapo ya maamuzi hayo ni lugha. Makala haya yanashikilia kwamba chuo kinapoisuka upya tovuti yake na kuihamishia kwenye mfumo mpya, kinaamua suala la lugha hata pale kinapodhani kinaamua suala la mitambo tu, na kwamba idara za Kiswahili zina hatia yao katika uamuzi huo kupita kimyakimya.

Mfano wa karibu ni vyuo vikuu viwili vya kusini mwa Nyanza. Chuo Kikuu cha Rongo, katika kaunti ya Migori, kilianza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kikapewa hati yake mwaka 2016. Chuo Kikuu cha Tom Mboya, mjini Homa Bay, kilianza mwaka huo huo wa 2016 chini ya Chuo Kikuu cha Maseno, kikapata hati mwaka 2022. Vyuo vichanga vya namna hii hupitia katika miaka michache mabadiliko ambayo vyuo vikongwe viliyasahau zamani: hadhi hubadilika, jina hubadilika, vitivo huongezeka. Kila badiliko huidai tovuti marekebisho. Hapo ndipo penye nafasi, na nafasi ya namna hiyo haiji kila mwaka.

Inafaa kueleza, japo kwa ufupi, mfumo wa kusimamia maudhui ni kitu gani, maana wapo wanafasihi wanaolisikia jina hilo wakadhani ni jambo la mafundi. Zamani ukurasa wa tovuti uliandikwa kwa mkono, maneno na maelekezo ya maumbo yakiwa yamechanganyika katika faili moja. Aliyetaka kusahihisha kosa la tahajia ilimlazimu kumtafuta fundi. Programu kama Drupal, iliyotolewa mwaka 2001, WordPress ya mwaka 2003 na Joomla ya mwaka 2005 zilitenganisha mambo hayo. Maneno yakahifadhiwa mahali pake, sura ya ukurasa mahali pake. Mwandishi huingia kwa nywila, huandika kama anavyoandika barua, kisha humpelekea mhariri. Mhariri akiridhika, ukurasa huchapishwa. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuhariri jarida la chama chake anaijua kazi hiyo. Fundi amebaki na kazi nzito ya usalama na uhifadhi, lakini kalamu imetoka mikononi mwake. La muhimu zaidi kwa hoja hii ni kwamba mifumo hiyo huruhusu ukurasa mmoja uwe na matoleo mawili ya lugha yaliyofungamanishwa, msomaji akavuka kutoka hili hadi lile kwa kubonyeza mara moja. Kikwazo cha kiufundi kilichokuwa kikitajwa zamani kimeondoka. Kilichobaki ni nia.

Na nia hiyo si hisani. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kisha inakitaja, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na sheria ya kuitekeleza ilipitishwa mwaka 2016. Chuo kikuu cha umma ni mali ya raia huyo. Hata hivyo, desturi ya vyuo vya Kenya ni kuandika tovuti zao kwa Kiingereza, Kiswahili kikibaki katika kauli mbiu, katika wimbo wa taifa siku ya mahafali, na katika jina la idara inayokifundisha.

Anayeumia ni nani? Si profesa. Fikiria mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe aende chuoni. Mwaka 2023 serikali ilianzisha mfumo mpya wa kugharamia elimu ya vyuo vikuu, ambao familia ziliwekwa katika makundi kwa kipimo cha uwezo wao, na ufadhili, mkopo na sehemu ya karo ya kulipwa nyumbani vikafuata kundi. Mfumo huo ulipingwa hadi mahakamani, na hata wasomi walihitaji kuusoma mara mbili kabla ya kuuelewa. Mzazi huyo alitakiwa ajue tofauti ya ufadhili na mkopo, yaani kile ambacho hakitarudishwa na kile ambacho mwanawe atakilipa akiwa mtu mzima, kwa maelezo ya Kiingereza cha ofisini. Hapa lugha si pambo. Ni shilingi, na ni deni.

Ipo hoja ya kupinga, na mgala muue na haki umpe. Husemwa kwamba watu wa Homa Bay na Migori ni wasemaji wa Kidholuo, na kwamba mzazi asiyejua Kiingereza huenda Kiswahili nacho kisimfae sana. Hoja hii ina uzito kuliko watetezi wa Kiswahili wanavyopenda kukiri. Ibara ile ile ya 7 inaiagiza dola ikuze anuwai za lugha za watu wa Kenya, na katika kaunti hizo mbili zimo Kidholuo, Kikuria, na Kisuba kinachozidi kupoteza wasemaji katika visiwa vya Rusinga na Mfangano. Ukurasa wa Kidholuo ungekuwa jambo jema. Lakini hoja hiyo inasahau mambo mawili. Kwanza, Migori ni kaunti ya mpakani. Barabara kuu inateremka hadi Isebania, na ng'ambo yake ni Sirari, Tanzania. Sokoni huko Mluo, Mkuria, Mkisii na mfanyabiashara wa kutoka Tarime hukutana katika Kiswahili. Pili, wanafunzi wa Rongo na Tom Mboya hawatoki Nyanza peke yake. KUCCPS, asasi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, huwatawanya nchi nzima. Mzazi aliyeko Kwale au Kitui, ambaye mwanawe amepangiwa Homa Bay na ambaye hajawahi kuliona ziwa hilo, anayo lugha moja tu ya kukutana na chuo hicho ikiwa Kiingereza kimempita kando.

Wapo watakaosema hayo ni ndoto. Jirani ameyafanya. Mwaka 2017 Tanzania ilizindua tovuti za mikoa na halmashauri zake zilizojengwa juu ya mfumo mmoja, kurasa zake zikiandikwa kwa Kiswahili. Jambo la kuigwa katika zoezi lile ni watu waliofunzwa kuziendesha: maafisa habari waliketi pamoja na maafisa wa TEHAMA, mtu wa maneno kando ya mtu wa mitambo. Si kurasa zote zilizodumu kuhuishwa, na anayezitembelea leo atakuta nyingine zimelala. Hata hivyo, hakuna aliyesema Kiswahili hakina maneno ya kutosha kuelezea bajeti ya halmashauri.

Wengine huleta suluhisho la mkato: kitufe cha tafsiri ya mashine kibandikwe juu ya ukurasa, kazi imekwisha. Mashine hizo zimepiga hatua kubwa, na ni ukaidi kulikana hilo. Lakini chuo kikuu ni mahali penye istilahi zake. Neno la Kiingereza la kumbukumbu za mkutano ndilo la dakika za saa. La kutuma maombi ya nafasi ndilo la kupaka dawa. Na Seneti ya chuo, katika Kenya iliyo na Seneti ya Bunge jijini Nairobi, inahitaji mtu wa kuitofautisha. Mashine ikikosea katika habari za michezo, msomaji hucheka. Ikikosea katika tarehe ya mwisho ya kulipa karo, hakuna wa kuwajibishwa, kwa kuwa tafsiri hiyo haikutiwa sahihi na mtu yeyote.

Hapa idara za Kiswahili hazina pa kujificha. Kwa miaka mingi wataalamu wamebishana kama chombo kile kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na kama mtandao uitwe mdahalishi au intaneti. Mjadala huo una thamani yake darasani. Lakini wakati wataalamu wakibishana, maneno mengine yalijizolea watumiaji bila kuomba ruhusa. Tovuti limekubalika. Ukurasa wa kwanza wa Wikipedia ya Kiswahili huitwa Mwanzo, jina zuri kuliko Nyumbani linalobandikwa na wafasiri wa haraka, maana hakuna mtu anayeishi ndani ya tovuti. Pakia na pakua yalitoka bandarini na jikoni, yakaingia kwenye simu za vijana wasiowahi kufungua orodha ya istilahi. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Uswidi, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Msomaji na azingatie: ni idara ya kompyuta iliyotangulia.

Lipo pia suala la hifadhi. Tovuti inapohamishwa, anwani za kurasa hubadilika, na viungo vya zamani huelekeza kusiko na kitu. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, alisihi kwamba anwani njema haibadiliki, lakini wahamishaji wengi hawamsikii. Tasnifu ya Kiswahili iliyonukuliwa kwa anwani yake ya mtandaoni hupotea siku hiyo, na msomi wa baadaye hudhani haikuwahi kuandikwa. Hata isipopotea, mara nyingine huorodheshwa kana kwamba ni ya Kiingereza. Kila ukurasa hubeba alama ndogo isiyoonekana ya kutaja lugha yake. Ya Kiswahili ni herufi mbili tu, sw. Alama hiyo ikiandikwa vibaya, programu inayomsomea asiyeona hulitamka neno la Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na mwanafunzi huyo hubaki akisikiliza kelele.

Kinachotakiwa hakihitaji fedha nyingi. Kabla ya zabuni kutangazwa, kamati iwe na mwakilishi mmoja wa Kiswahili, na sharti la lugha mbili liandikwe katika mkataba pamoja na sharti la kuzielekeza anwani za zamani kwenye mpya. Tovuti nzima haina haja ya kutafsiriwa kwa mkupuo. Kurasa tano zinatosha kuanzia: kujiunga, karo na ufadhili, malazi, jinsi ya kulalamika, na idara yenyewe ya Kiswahili, ambayo ni kichekesho kuijua kwa Kiingereza pekee. Wanaosoma somo la tafsiri wapewe kurasa hizo kuwa zoezi la muhula, mhadhiri azihariri, na jina la idara liwekwe chini ya kila ukurasa ili makosa yawe na mwenyewe. Ukurasa wa karo na uanze, kwa kuwa mzazi wa Kwale atausoma kabla ya Septemba.