Kiti cha Mtafiti

Mwombaji wa kazi ya utafiti katika vyuo vikuu vyetu hana budi kulisoma tangazo kuanzia mstari wa mwisho. Huko ndiko huandikwa kwamba mapatano ni ya mwaka mmoja, na kwamba yataongezwa fedha za mradi zikipatikana. Maneno hayo ni machache, lakini ndiyo yanayoamua ni elimu gani itakayokuwako nchini na ipi itakayokosekana.

Penye swali fupi mpango huo hauna madhara makubwa. Mtu aweza kuajiriwa miezi sita kuhesabu vyandarua vijijini, akatoa jibu, akaenda zake. Kamusi haiandikwi hivyo. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa 1930, na kamusi zake zilitoka 1939. Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza, alifariki 1937 kabla ya kuziona. Kazi haikuzikwa pamoja naye, maana kiti chake kilibaki na mwingine akakikalia. Kamati ikahamahama, hata 1964 ikaingizwa katika chuo cha Dar es Salaam, ikawa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili. Na kutoka katika ukoo huo ikazaliwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kamati ile ilikuwa chombo cha ukoloni, na wenye lugha walichelewa mno kukaribishwa mezani. Hata hivyo ilijua jambo ambalo waajiri wa leo wamelisahau: nafasi ya utafiti yapasa kuishi kuliko mwenye nafasi.

Wako wasemao kwamba ajira ya kudumu huzaa uvivu. Hapana shaka wavivu wako. Lakini mvivu aweza kuulizwa kazi yake kila mwaka, akaondolewa akikosa jibu, bila ya kuwafukuza wenye bidii pamoja naye. Tena, ni uvivu gani unaopita ule wa kuanza upya kila mara? Dodoso la afya huandikwa kwa Kiingereza. Vijana wa muda hulifasiri, hubishana siku nzima juu ya jina la ugonjwa, wala hawajui kwamba wenzao wa mradi uliopita walibishana juu ya neno lilo hilo. Mradi ukiisha, maneno yao hupotea, kwa kuwa hakuna aliyeajiriwa kuyatunza.

Hasara hii si ya wanalugha peke yao. Mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria za miaka mingi zilizoandikwa kwa Kiingereza zapasa kufasiriwa, na neno moja likikosewa mtu aweza kupoteza shamba lake. Nani atakayelifuata neno hilo katika hukumu baada ya hukumu? Mwenye mapatano ya mwaka mmoja huutumia nusu ya mwaka wake kuandika maombi ya kazi nyingine. Wala halaumiwi, ana watoto wa kulisha.

Vyuo husema fedha hazitoshi. Yawezekana. Basi na vitangaze nafasi mbili badala ya kumi, ya mwanasheria na ya mwanalugha, watakaokaa meza moja mpaka wazeeke. Na tangazo lenyewe liandikwe kwa Kiswahili, kwa maana hata sasa yuko mtafiti wa lugha hii anayetakiwa kuthibitisha kwa Kiingereza kwamba anaijua.