Delamere wa Njoro: Mwanzilishi au Mlowezi?

Aghalabu habari za Lord Delamere zinapoandikwa kwa Kiswahili, mwandishi humwita "mwanzilishi" au "mtangulizi" wa ukulima wa Bonde la Ufa. Kwa maoni yangu, istilahi hizo zinamtangulizisha mtu aliyekuja nyuma ya wenzake.

Delamere alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Alizifikia nyanda hizi mara ya kwanza mwaka 1897, akitokea Somalia na msafara wa ngamia. Mwaka 1903 alirejea kukaa, na serikali ya kikoloni ikampa ekari 100,000 pale Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Akaagiza kondoo kutoka ng'ambo. Wakafa kwa wingi, kwani malisho ya pale yalipungukiwa na madini. Ng'ombe nao wakaangamizwa na maradhi. Wamaasai walikuwa wameyaepuka malisho hayo tangu zamani. Lau angewauliza mapema, pengine asingezika mali nyingi kiasi hicho. Akageukia ngano, nayo ikashambuliwa na kutu. Bwana huyu aliweka rehani hata urithi wake wa Uingereza asikate tamaa. Ustahimilivu wake siukani.

Lakini tuitazame Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, alikopata shamba la pili mwaka 1906 na ambako mifugo yake hatimaye ilinawiri. Malisho yale hayakuwa pori lisilo na mwenyewe. Kwa mkataba wa mwaka 1904, Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa, baadhi wakapelekwa Laikipia. Na kwa mkataba wa mwaka 1911 wakaondolewa huko pia. Ole Gilisho na wenzake walikwenda mahakamani kuupinga uhamisho huo wa pili, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa. Anayeandika "mwanzilishi" huwafuta watu hawa kwa neno moja tu, pengine bila kukusudia.

Kiswahili kina neno "mlowezi", linalotokana na kitenzi "lowea", yaani kukaa ugenini hadi ukapazoea. Neno hili halimtukani Delamere wala halimsifu. Linakiri kwamba alikaa, akazoea, akafia nchini mwaka 1931 na kuzikwa Soysambu. Papo hapo linakumbusha kwamba mahali palikuwa pa wengine. (Neno "setla" nalo linafaa, ila halina mzizi wa kumfunulia msomaji historia hiyo.) Nasi tunaosomea Njoro, katika chuo chenye jina la mlowezi mwingine, Maurice Egerton, hatuna udhuru wa kulisahau.

Napendekeza basi tafsiri na insha zetu zimwite Delamere mlowezi, na "mwanzilishi" litumike pale tu alipoanzisha kitu kweli, mathalani ile kampuni ya kusaga ngano ambayo yeye na wenzake waliipa jina la Kiswahili: Unga.