Kioo, Karatasi na Jicho la Jirani

Jumapili moja, katika kanisa moja la hapa Goma, mzee miongoni mwa wale wanaosimamia utaratibu wa ibada alimwendea kijana aliyekuwa ameinamia simu yake wakati somo likisomwa, akamgusa bega na kumwuliza kwa sauti iliyosikika safu tatu mbele na tatu nyuma: “Uko nacheza na telefone mu kanisa?” Kijana akajibu kwa adabu, “Hapana, papa, niko nasoma Biblia,” akamgeuzia kioo ajionee mwenyewe, na kweli palikuwa na Waraka kwa Warumi, sura ile ile na aya ile ile iliyokuwa ikisomwa mbele yetu. Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake. Ubavuni pangu alikaa bibi mmoja mwenye Biblia kubwa mapajani, iliyofungwa vizuri kwa kitambaa, ambayo hakuwa ameifungua tangu tulipoketi; naye akaguna kumwunga mkono mzee.

Simlaumu mzee kwa dhana yake ya kwanza, kwani simu ni nyumba yenye milango mingi, na aliyesimama nje hawezi kujua mwenyeji amekaa chumba gani. Ninalomlaumia ni kule kutikisa kichwa baada ya kuuona Waraka kwa macho yake. Maana hapo hakuwa tena akihukumu kilichosomwa, bali kile kilichoshikwa. Nasi wengi tu kama yeye. Mtu aliyefungua kitabu cha karatasi hupewa heshima ya mwanachuoni hata kama amesinzia juu yake, ilhali aliyeinamia kioo hudhaniwa ni mvivu mpaka alete ushahidi, na akiuleta bado haumtoshi.

Insafu ingetaka kwanza tuulize karatasi yenyewe yapatikana vipi katika mji huu. Hatuna barabara ya kuaminika itufikishayo Kinshasa, na kitabu kilichopigwa chapa Paris, au Nairobi, au Dar es Salaam, kinapofika mkononi mwa muuzaji wa hapa kimekwisha kulipiwa safari, mpaka na ushuru, hata bei yake huweza kumshinda mwalimu, sembuse mwanafunzi. Yeyote aliyepita katika vyuo vyetu vikuu anaijua habari ya silabi, yale makaratasi ya mhadhara ambayo mwanafunzi huyanunua kwa mwalimu wake. Asiye na fedha humwomba mwenzake, akazipiga picha kurasa zote moja baada ya moja, kisha usiku akazisoma kwenye kioo kilichopasuka pembe, akizikuza herufi kwa vidole viwili. Mwenzake aliyenunua huitwa mtu wa vitabu, na huyu huitwa mtu wa telefone, ingawa maneno waliyoyasoma ni yale yale na mtihani ni mmoja. Tunadhani tunapima mapenzi ya elimu, kumbe aghalabu tunapima mfuko.

Kisha tuna mlima. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, moto wake ukapita katikati ya mji hadi ziwani, ukafunika kiasi cha asilimia 13 ya Goma pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Na nani awezaye kuhesabu madaftari, vyeti, misahafu, Biblia na vitabu vya shule vilivyolala chini ya mawe yale meusi ambayo leo tunayajengea kuta? Tarehe 22 Mei 2021 ikapasuka tena, safari hii moto ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Na siku tano baadaye, watu wa mitaa kumi walipoamriwa kuhama, njia ya kwenda Sake ikajaa, na mpaka wa Gisenyi ukajaa. Aliyekimbia alibeba mtoto, godoro, sufuria na dumu la maji. Sikumwona hata mmoja aliyejitwika kabati la vitabu. Lakini simu ilikuwa mfukoni mwa wengi, na ndani ya baadhi ya simu hizo mlikuwa na silabi, na Qurani, na tasnifu ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuiandika nusu.

Wala sisemi haya kuwafurahisha vijana, ambao nao wana kibri chao. Wako wanaomcheka mtu mwenye kitabu kwapani kana kwamba amebeba kinu. Na wakiambiwa kwamba karatasi ina fadhila zake, hujibu kwamba hayo ni maneno ya wazee. Si ya wazee tu. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zilizohusu watu zaidi ya 170,000, wakaona kwamba maandishi ya kufundisha na kueleza hufahamika vizuri zaidi kidogo yakisomwa katika karatasi, hasa msomaji anapobanwa na wakati, ila kwa hadithi hawakuona tofauti. Basi mwenye mtihani kesho, kama anaweza kuipata karatasi, na aitafute. Lakini hiyo ni nasaha ya kumpa msomaji, wala haimpi mtu ruhusa ya kumdharau.

Watu wa pwani, ambao lugha hii tumeipokea kwao, wangetushangaa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, yalikaa midomoni mwa watu miaka mingi kabla ya Mwalimu Sikujua kuyakusanya na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu kwa ajili ya William Taylor. Na diwani yake, kama alivyoihariri Hichens, haikupigwa chapa ila 1940. Ulimi, kalamu, matbaa: Muyaka amevaa kanzu zote tatu, na sijasikia mtu akidai kwamba aliyeyahifadhi kwa moyo hakuyajua kwa sababu hakuyaona katika sahifa. Kama ni kudai, huyo mwenye kuhifadhi ndiye aliyekuwa na haki ya kutucheka sisi sote.

Mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano yaliyoingia mjini, umeme ulikatika, maji yakakatika, na intaneti ikakatika. Mpwa wangu, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiniuliza lini nitayauza makaratasi yangu kwa wauza karanga, alikaa siku mbili akikitazama kioo kisichomletea kitu, na usiku wa tatu akaja kuniomba kitabu, chochote. Nilikuwa nacho, riwaya ya Kifaransa iliyopoteza jalada, lakini mshumaa sikuwa nao. Akawasha taa ya simu yake, akaishika juu ya ukurasa kwa mkono ulionyooka, nami nikawasomea kwa sauti yeye na mama yake, huku milio ikisikika upande wa uwanja wa ndege. “Mujomba, soma mbio,” akaniambia baada ya muda, “batri inaisha.” Nikasoma mbio, nikayaruka maelezo ya mandhari. Ilipozima tulikuwa tumebakiza kurasa mbili kuimaliza sura.